Mlango mmoja, vibao vinane vinavyogeuka: jinsi ya kuutengeneza kwa mikono Lamu

Mlango huu niliutengeneza mara ya kwanza kwa nyumba mpya ya upande wa Shela: kuta nyeupe, madirisha mapana, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Mwenye nyumba alitaka vitu viwili ambavyo mafundi wengi humwambia mtu achague kimoja. Alitaka mlango wa mbele mzito, wa mbao, wenye nakshi ya kwetu. Alitaka pia upepo wa bahari uingie ndani mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Nikampa bawa moja kubwa, yaani ile sehemu ya mlango inayofunguka na kufungwa, na nusu yake ya juu nikaijaza vibao vinane vilivyosimama wima, kila kimoja kikizunguka kwenye vipini vyake, pini moja juu na moja chini. Vikifungwa vinaungana kuwa ua moja la waridi, kubwa kama sinia la pilau. Ukivivuta kwa mkono mmoja waridi linapotea na upepo unapita.

Nitaeleza kazi nzima kama ninavyoifanya, kwa vipimo vya mlango ule. Uwazi wa fremu ni sentimita 100 kwa upana na sentimita 210 kwa urefu, kutoka juu ya kizingiti cha chini mpaka chini ya kizingiti cha juu. Ukibadilisha vipimo, badilisha vyote pamoja. Karibu kila kimoja kinategemea kingine.

Kabla ya kushika msumeno

Nenda Mkomani, mtaa wa zamani wa mji wa Lamu, omba ruhusa kwenye nyumba yenye mlango wa zamani, kisha uutazame kwa ndani. Nje ndiko watu wanakopiga picha, kwenye nakshi za miimo, zile mbao za kusimama za fremu, na kizingiti cha juu. Lakini ufundi wa mlango uko mgongoni. Utaona hakuna bawaba. Ubao wa pembeni wa kila bawa una ncha juu na ncha chini, na ncha hizo zinazunguka ndani ya matundu. Halafu tazama bawa lenyewe limekaa wapi. Halikuingizwa katikati ya fremu kama milango ya siku hizi. Limelala nyuma ya fremu, likaikumbatia kwa vidole viwili vitatu kila upande.

Mimi nililiona hilo nimechelewa. Miaka ya mwanzo nilimtengenezea mteja mlango mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, mbao zimekauka zinalia ukizigonga. Niliupachika ndani ya fremu kwa bawaba, nikaubana vizuri, pengo la unene wa kadi ya simu pande zote. Mwezi wa Mei, masika yamekolea, mwenye nyumba akawa anaufungua kwa bega. Nikaja na randa, nikapunguza. Januari iliyofuata mwanga ukawa unapita ubavuni mwa mlango, na mchanga pia. Nilipomweleza ami yangu, aliyenifundisha kazi, aliuliza swali moja tu: bawa nimeliweka wapi? Kisha akasema, "Mwango hauvikwi fremu, mwanangu. Huegemezwa."

Mbao hazirefuki wala hazifupiki kwa kiasi cha kukusumbua, ila upana wake hutembea. Uso wa mbao wa sentimita 80 unaweza kutanuka na kusinyaa kwa milimita kadhaa kati ya kaskazi na masika. Bawa likiwa limeegemea nyuma ya fremu, lina nafasi ya kutembea na wala huoni. Kila hatua inayofuata imejengwa juu ya jambo hilo.

Mambo mawili ya sheria, nayataja hapa kwa sababu watu huyakumbuka baadaye. Ikiwa nyumba iko ndani ya Mji wa Kale, ambao umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, nenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kugusa mlango wa nje. Na usishawishike kununua mlango wa kale ili uufumue upate mbao au nakshi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946. Hata kama isingekuwepo sheria, nakuomba uuache mlango ule pale ulipo. Tunaweza kuchonga mwingine. Ule hatuwezi kuurudisha.

Hatua ya kwanza: mbao

Wazee wetu walipenda mbambakofi na msaji, yaani mtiki. Mbambakofi ni mgumu, mzito, na mchwa hauwezi. Lakini ni mti wa msitu wa asili, hukua polepole, na wa halali ni shida kuupata. Mimi hutumia mvule kwa fremu na bawa, na mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, kwa vibao. Mwarobaini umejaa kwenye pwani yetu, wadudu hawaupendi kwa uchungu wake, na ukikauka sawasawa unachongeka vizuri. Mwembe uache kwa makasha; nje hauna maisha.

Popote unaponunua, dai risiti, na ikiwa mbao zinasafirishwa hakikisha zina kibali cha Huduma ya Misitu. Mbao zitapitia gati la Mokowe, upande wa bara, na hutaki zizuiwe hapo jua linazichoma.

Mvule una tabia mbili za kujua. Vumbi lake linawasha pua na ngozi, na mtu mwenye pumu lisimguse kabisa, kwa hiyo funika pua tangu ubao wa kwanza. Tena ndani ya mvule mara nyingine huwa mna jiwe, jiwe kweli, chokaa iliyoganda ndani ya mti ukiwa hai. Randa ikilikuta, makali yamekwenda. Ukiona doa jeupe-kijivu lililozungukwa na mbao nyeusi kidogo, lichokoe kwanza kwa patasi kuukuu.

Sasa kukausha, na hapa sina huruma. Kanuni ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao zikiwa zimepangwa kivulini na vipande vya fito katikati ili hewa ipite. Mbao za sentimita 5 basi ni miaka miwili. Muuzaji atakuapia kwamba zimekauka. Usibishane naye. Kata kipande cha urefu wa kiganja kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito juu yake kwa penseli. Kiweke ndani ya nyumba. Kipime kila Ijumaa. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado mbichi. Ukisimama wiki tatu mfululizo, anza kazi.

Kwa tumbo la chini la mlango, sehemu iliyo chini ya vibao, natumia mbao za jahazi kuukuu. Huko Matondoni, kwa mafundi wa vyombo, huwezi kukosa mbavuni mwa chombo kilichopandishwa mara ya mwisho. Mbao hizo zina rangi ambayo huwezi kuinunua dukani, kahawia iliyoiva, na tundu za misumari zenye duara jeusi la kutu. Zioshe kwa maji matamu mara nyingi, siku kadhaa, mpaka ukilamba kidole kilichogusa ubao usisikie chumvi. Kisha zikaushe upya. Halafu chukua sumaku uipitishe kila mahali, mbele na nyuma. Msumari mmoja uliokatikia ndani unatosha kuharibu randa, na ukibaki utalia kutu juu ya kazi yako kila mvua inaponyesha.

Hatua ya pili: fremu

Miimo miwili na kizingiti cha juu ni mbao za sentimita 12 kwa 10, upana wa 12 ukitazama nje. Viungo ni vya ulimi na tundu, vikapigwa vigingi vya mti. Kizingiti cha chini kinasimama sentimita 4 juu ya sakafu ya ndani. Kama nyumba ina mzee anayetembea kwa mkongojo, kilaze mgongo wake kwa mshazari pande zote mbili, lakini usikiondoe: ndicho kinachozuia maji ya mvua na mchanga.

Mgongo wa fremu ulingane sawasawa na uso wa ukuta wa ndani. Hilo ni la lazima, la sivyo bawa halitazunguka. Lina faida nyingine: bawa linakuwa limerudi nyuma ya unene wa ukuta, mbali na jua na mvua. Nyumba za zamani zilikuwa na daka, ule ukumbi mdogo wenye mabaraza ya mawe mbele ya mlango, na daka ndilo lililozitunza nakshi kwa miaka mia na zaidi. Nyumba nyingi mpya zinaweka mlango usoni mwa ukuta, wazi kwa kusi, kisha watu wanalaumu mbao. Ukiwa bado unajenga, mwambie mwashi akuachie daka, au walau paa dogo linalotoka mita moja. Hakuna mafuta yatakayofanya kazi ya kivuli.

Miguu ya miimo isiingie kwenye udongo wala kwenye saruji mbichi. Ikalie jiwe, na chini yake pakatwe njia ya mchwa kama fundi wako wa msingi anavyojua.

Hatua ya tatu: bawa

Bawa lina upana wa sentimita 108, yaani linapita uwazi kwa sentimita 4 kila upande. Urefu ni sentimita 218. Chini linaachia sentimita 1 kutoka sakafuni, kwa hiyo linakilalia kizingiti cha chini kwa sentimita 3. Juu linakilalia kizingiti cha juu kwa sentimita 5. Unene ni sentimita 5.

Mbao mbili za kusimama zina upana wa sentimita 14 kila moja. Mbao tatu za kulala: ya chini sentimita 20, ya kati 16, ya juu 14. Hesabu itakubakishia nafasi mbili za upana wa sentimita 80: ya chini kimo cha 58, ya juu kimo cha 110.

Ndimi zipite mpaka upande wa pili, zifungwe kwa kabari za mti. Ikiwa unatumia msaji mahali popote, futa viungo kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, kabla ya gundi. Ule mti una mafuta, na gundi juu ya mafuta haishiki.

Tumbo la chini, la mbao za jahazi, halipigwi gundi hata tone. Chonga mfuo wa kina cha sentimita 1.5 kuzunguka nafasi ile, mbao zikae ndani ya mfuo zikiwa zimebakiza milimita 5 kila upande. Masika yakija zitanuke zinavyotaka. Ukizigundisha zitapasuka, au zitapasua bawa.

Upande wa mlango utakaozungukia unahitaji kazi ya makini. Weka alama ya kitovu cha mzunguko sentimita 2.5 kutoka ukingoni na sentimita 2.5 kutoka usoni, katikati kabisa ya unene. Kisha piga ukingo ule randa mpaka uwe nusu duara, kutoka juu hadi chini, kitovu chake kikiwa alama ile. Mlango ukifunguka, ukingo wa mviringo utajizungusha mgongoni mwa fremu bila kuukwaruza. Ukiuacha mraba, kona itaisukuma fremu na bawa halitafunguka hata robo. Milango ya zamani imefanyiwa hivyo hivyo. Pitisha kiganja nyuma ya ule wa Mkomani utahisi.

Ncha za zamani zilikuwa za mti au zilivikwa chuma, zikaingia tundu la chini. Mimi nimegeuza. Tundu la chini hujaa mchanga na maji ya kupigia deki. Kwa hiyo sakafuni nasimamisha kipini cha chuma kisichoshika kutu, unene sentimita 2, kimo sentimita 5, kichwa chake kimelainishwa kuwa mviringo. Kikombe cha shaba, chenye kina cha sentimita 4, kimezamishwa chini ya bawa, mdomo ukitazama sakafu. Uchafu hauwezi kupanda ukaingia. Uzito wote wa bawa, karibu kilo 70, unakalia kichwa cha kipini kile, na kidole kimoja cha mtoto kinaufungua mlango. Juu, kipini kingine cha urefu kama huo kinachomoza kutoka kwenye bawa. Kazi yake ni kulizuia lisianguke tu, hakibebi kitu.

Usitumie chuma cha kawaida popote. Chumvi ya hewa yetu itakila, na mvule na mbambakofi vikikutana na chuma chenye unyevu hutoka madoa meusi yasiyofutika.

Hatua ya nne: vibao vinane

Nafasi ya juu ina sentimita 80, kwa hiyo vitovu vya vibao viko kila baada ya sentimita 10, cha kwanza kikiwa sentimita 5 kutoka ubao wa kusimama. Kila kibao kina unene wa sentimita 2.5 na upana wa sentimita 10.6. Ile milimita 6 ya ziada ni ya kulaliana: toa nusu ya unene mbele kwa ukingo mmoja, na nusu ya unene nyuma kwa ukingo wa pili, ili kila kibao kimfunike jirani na mwanga usipenye. Mipaka ya pande zote mbili, kwenye mbao za kusimama, nayo ichongewe ngazi ya namna hiyo.

Kingo hizo zipige randa kwa mshazari mdogo sana. Kibao kinapozunguka kona yake inachora duara, na bila mshazari itamkwaruza mwenzake. Jaribu na vibao viwili vya mbao za bure kwanza. Mimi huvisimamisha kwenye fremu ya kujaribia, nikavizungusha, nikasikiliza. Sikio linajua kabla ya jicho.

Vipini vya vibao ni vya shaba, milimita 8, kimoja juu na kimoja chini, katikati ya upana na ya unene. Matundu yake yachimbe kwa kiolezo kimoja, kipande cha mbao chenye tundu lililonyooka, ili vibao vyote vinane viwe ndugu. Kosa la milimita moja kwenye kibao cha pili litakuwa limekua ukifika cha nane.

Vinaunganishwa na ufito mmoja mwembamba unaopita kwa ndani, kimo cha mita moja kutoka sakafuni, mkono unapofika wenyewe. Ukingoni kabisa mwa kila kibao, upande wa ndani, ukingo ule ule kwa vyote, funga skrubu ndogo ya pete; kwenye ufito funga pete nyingine, na pete hizo zishikane. Kama pete ziko katikati badala ya ukingoni, ufito utagonga vibao vikifunguka. Vuta ufito, vyote vinageuka. Mwisho wa ufito weka kipande cha mti kinachozunguka kwenye skrubu moja kuubana, la sivyo mtu wa nje atavisukuma vibao kwa kiganja na upepo wa kusi utavipigapiga usiku kucha.

Vikiwa wazi kabisa, kati ya kibao na kibao mna sentimita saba na nusu. Mtu hapiti. Mkono unapita, na hilo tulikumbuke tukifika kwenye komeo.

Hatua ya tano: nakshi

Huu ndio moyo wa mlango, na hapa ndipo haraka inapoharibu miezi ya kazi.

Vitoe vibao kwenye bawa, viandike namba 1 hadi 8 mgongoni, uvipange kwenye meza kama vilivyo vikifungwa, vikilaliana, kisha uvibane kwa jiriwa pande zote mbili. Sasa una uso mmoja. Chora ua kwenye karatasi kwa ukubwa wake kamili, kisha uuhamishe kwa kutoboa mistari kwa sindano na kupitisha vumbi la mkaa juu ya matundu.

Nilichora waridi lenye petali kumi na sita, upana wa sentimita 60, na kulizunguka mnyororo, ule ule unaouona ukipanda kwenye miimo ya milango ya zamani. Nje ya mnyororo hakuna kitu. Niliacha mbao tupu makusudi, na fremu nikaipa mfuo mmoja tu. Nyumba ya kuta nyeupe na mistari iliyonyooka haiwezi kubeba nakshi za kila mahali; ua moja lililopewa nafasi linaonekana kutoka ng'ambo ya ua wa nyumba. Wateja wengine hulalamika kwamba ninawauzia mbao tupu. Huwaambia wasubiri jua la saa kumi na moja jioni likipiga kwa ubavu, waone kivuli kinavyolala ndani ya petali.

Usiweke kitovu cha waridi kwenye mstari wa kati ya vibao viwili kama unaweza kuepuka. Kwa vibao vinane hilo ni gumu, maana katikati ya nane ni ufa. Mimi nilisogeza waridi zima likawa na kitovu katikati ya kibao cha tano. Mlango ukawa umeegemea kidogo upande mmoja, kama mtu aliyevaa kofia yake kwa pozi, na ninaupenda zaidi kuliko ungekuwa sawa.

Kina cha kuchonga ni milimita 7 mahali popote isipokuwa kwenye kingo za kulaliana. Pale mbele pamebaki milimita 12 tu za mbao, na ukishuka zaidi ya milimita 5 ulimi utavunjika siku moja mtu akiufunga kwa nguvu. Kwa hiyo petali inapokaribia ufa, iinue taratibu, ivuke juu juu, ishuke tena upande wa pili. Watu hudhani ni ubunifu, kwa sababu kila petali inaonekana kuvuta pumzi inapovuka. Sababu yake ni unene wa mbao.

Anza na mkato wa kusimama kuzunguka mstari, patasi ikipigwa kwa nyundo ya mti. Halafu ondoa mbao kutoka ndani kwenda kwenye mkato, kamwe si kutoka kwenye mkato kwenda nje. Nyuzi za mbao zote zimesimama wima, kwa hiyo kila petali ina upande mmoja unaokubali patasi na upande unaoipinga. Upande unaopinga utaujua: patasi inaanza kung'oa badala ya kukata, na uso unabaki na manyoya. Simama. Geuza mwili wako, si mkono tu, uje kutoka upande wa pili. Noa. Mwarobaini mkavu unafifisha makali haraka, na mimi hunoa kila baada ya petali mbili. Patasi iliyonolewa inaacha uso unaong'aa usiohitaji msasa, na nakushauri usipige msasa ndani ya nakshi kabisa. Msasa unazivunja kona, na kona ndizo zinazoshika kivuli.

Ukimaliza, fungua jiriwa na upitishe kidole kwenye kila ukingo uliokatwa. Palipo na kibanzi kilichosimama, kiondoe sasa.

Hatua ya sita: mafuta

Vanishi usipake nje. Jua la pwani linaipasua, maji yanaingia chini yake, na ndani ya misimu michache inabanduka kama ngozi iliyoungua. Tumia mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, yaliyochemshwa. Paka safu nyembamba, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu, rudia baada ya siku mbili, mara tatu au nne. Mgongo, kingo na ncha za mbao zipate sawa na uso. Upande usiopakwa hunywa unyevu na kuupinda ubao. Matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa pembeni mwa karakana: yanaweza kupata joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yatie kwenye ndoo ya maji.

Sifa, mafuta ya samaki tunayopaka majahazi, inalinda kweli. Lakini ni mlango wa sebuleni, na harufu haitoki.

Hatua ya saba: kusimamisha

Kabla ya siku yenyewe, tembea njia kutoka karakana hadi nyumbani ukiwa na ufito wa mita 2.2 mkononi. Gari halifiki vichochoroni mwetu, na kuna kona za Mkomani ambazo punda mwenye mawe ya kujengea hulazimika kusimama afikiri. Bawa libebwe na watu wanne, limelala kwa ubavu, vibao vikiwa vimetolewa.

Kipini cha sakafuni kimetiwa saruji wiki moja kabla, kikanyooshwa kwa timazi, ule uzi wenye uzito mwishoni. Teremsha timazi kutoka mahali kitakapokaa kipini cha juu. Ncha yake iguse katikati ya kichwa cha cha chini. Hapa usikubali hata milimita mbili. Mlango ambao vipini vyake havijanyooka hujifungua au hujifunga wenyewe, na watu watasema nyumba ina mambo.

Paka kikombe grisi. Watatu wanalinyanyua bawa, wa nne amelala chali na tochi kuelekeza kikombe juu ya kipini. Likishakaa, lishikilieni wima. Juu kuna kipande cha mvule cha sentimita 20, chenye tundu lililovikwa shaba, ambacho bado hakijafungwa. Kishushe kutoka juu kiingie kwenye kipini cha juu, kisha ukifunge kwenye mgongo wa kizingiti cha juu kwa boliti mbili zisizoshika kutu. Acha milimita 15 kati yake na bawa. Siku ukitaka kulitoa bawa, unafungua boliti hizo mbili tu, na ziko ndani, mwizi hazioni.

Zungusha mlango polepole mara kadhaa kabla ya kurudisha vibao. Uso wa bawa na mgongo wa fremu viachiane milimita 2.

Komeo liweke chini, sentimita 30 kutoka sakafuni, mbali na mkono utakaopita kwenye vibao, na kitasa chake kiwe cha ufunguo pande zote mbili. Ufunguo wa ndani usiachwe kwenye kitasa, lakini utundikwe karibu, mahali kila mtu wa nyumba anapajua hata gizani, kwa ajili ya moto.

Mwezi wa Machi, kabla ya masika, linyanyue bawa kidogo kwa nondo iliyofungwa kitambaa, futa grisi ya zamani, tia mpya, na pitisha mafuta ya linsidi kwenye ncha za chini za vibao. Mwezi wa Juni uzungushe vibao vyote ukiwa umeweka sikio kwenye bawa. Kikikwaruza kimoja, usikimbilie randa: kitoe, kiweke chumbani kivulini siku kumi, ukirudishe. Kikikwaruza tena, hapo ndipo unaupiga randa mshazari wake, upande wa ndani, nyembamba kama ganda la kitunguu.